Gari la Mkwe

Wahenga husema macho hayana pazia. Ya mama yalikuwa nalo, tena zito. Jicho la kushoto lilikufa zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Nyuma ya mtoto huyo daktari wa Bungoma aliona kitu kingine ambacho hakutaka kukigusa. Akatuandikia twende Nairobi na akatupangia siku, akinionya kwamba jicho likiendelea kungoja, mama ataishi gizani. Basi likabaki swali moja: mama atafikaje Nairobi?

Usidhani njia zilikosekana. Mimi ninaishi Kibomet, hapa Kitale, na ukisema unakwenda Nairobi kila mtu hukupa njia yake hata kama hukuomba. Jirani alisifu mabasi. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye aliwahi kupanda ndege Eldoret mara moja na mpaka leo hajashuka, hakutaka kusikia habari ya barabara. Mwingine alisema twende Kisumu tupande treni, kana kwamba Kisumu iko nyuma ya jikoni.

Mama, kwake Kibabii, alizikataa zote huku akichambua maharagwe kwa vidole. Basi halingesimama kila anapotaka kwenda haja, na mwenye ugonjwa wa sukari hawezi kumngoja dereva. Matatu ni hivyo hivyo. Treni ilikuwa safari juu ya safari.

"Na hiyo ndege," akaniuliza, "ikizima huko juu, si mtashuka wote muisukume?"

Nilicheka ingawa nilikuwa nimeudhika. Kwa habari ya choo nilikuwa upande wake. Lililobaki ni gari letu, lile jeupe ambalo mume wangu hubebea mbegu na mbolea za duka lake. Hilo linasimama unapotaka. Nikaona mambo yamekwisha.

Mume wangu ni wa jamii zilizotoka Kenya ya kati zikaja kulima Trans-Nzoia. Kwao mama mkwe ni mama, unamsalimu kwa mikono miwili. Kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai ndani ya nyumba moja, hawatazamani usoni. Hayo aliyajua tangu tulipooana, na aliyashika vizuri kuliko kaka zangu wanavyoshika ya kwao. Ambalo hakuna aliyewahi kumwambia ni habari ya gari.

Asubuhi ya safari tulifika Kibabii. Mume wangu alikuwa ameliosha gari mpaka tairi, akaweka mto kwenye kiti cha mbele. Akafungua mlango, akasogea kando, akatazama migomba kwa adabu kabisa. Mama akatoka na kikapu chake. Alipoelewa ni nani angeshika usukani, akajifunika leso usoni, akarudi ndani.

Nikamfuata. "Mama, ni nini tena?"

"Ati nikae bega kwa bega na mkwe wangu mpaka Nairobi? Hiyo ni nyumba, bana. Kuwekewa magurudumu haifanyi isikuwe nyumba."

"Basi kaa nyuma."

"Mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, si ni nyumba tu?"

Hasira zikanipanda. Nilimwambia daktari anangoja kesho asubuhi, na kwamba sijaona heshima ya kumpofusha mtu. Nilisema kwa sauti ambayo binti hapaswi kumpazia mamake. Yeye akakaa kitandani, mikono juu ya kikapu.

"Macho ikienda, nitabaki na nini?" akasema. "Si ni hiyo heshima."

Nikamwacha hapo, nikatoka.

Mume wangu alikuwa nje ya dirisha na alisikia yote. Nilipotoka alikuwa anamaliza kuongea na simu. Akaniwekea funguo mkononi.

"Mwambie mama dada yangu atamwendesha. Anakuja kutoka Kitale sasa hivi. Mimi napanda basi."

"Si ubaki tu? Na duka?"

"Siwezi kuuza mbolea na mama anapasuliwa jicho."

Alisema mama, hakusema mama yako. Nilimpenda wakati huo kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi nilimpenda sana. Wifi yangu alipofika, mwenye gari alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda stendi ya Bungoma.

Tulisimama Webuye, tukasimama Turbo, tukasimama na mahali ambapo sijui jina lake hadi leo, na kila tuliposimama mama aliuliza, "Basi yake imefika wapi?" Ilinibidi nimpigie mume wangu ndipo tuendelee. Kwenye baridi ya Timboroa akauliza kama mkwe wake alibeba sweta. Nakuru tukafungua kikapu tule kuku, nami nikanyoosha mkono kwa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Mama akanipiga kofi la vidole. Hakuona vizuri, lakini kofi hilo halikukosea njia.

"Hiyo ni firigisi. Ni yake."

Firigisi kwetu ni ya mwanamume wa heshima nyumbani. Mume wangu aliila jioni ile akiwa amesimama kando ya gari lake mwenyewe, uani pa hospitali, baada ya mama kuingizwa wodini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Namshukuru Mungu, nawashukuru na wale madaktari, na wifi yangu aliyetuendesha kutwa nzima bila kunung'unika. Bandeji ilipotolewa tulitoka nje polepole, mama amenishika mkono kwa mazoea tu. Mume wangu alikuwa mbali karibu na ukuta, nusu yake imejificha nyuma ya gari la watu, kama kawaida yake. Mama akasimama.

"Yule wa koti ya kijani, ndiye?"

"Ndiye."

Miaka yote hiyo alimjua kwa viatu, maana macho yaliyoinama huona viatu. Baadaye hata viatu vikapotelea katika ukungu. Nilidhani atajifunika. Leso aliishika kweli, lakini hakuipandisha. Alimtazama mpaka akatosheka.

"Mwambie asante," akasema, kwa sauti kubwa ambayo haikunihitaji mimi. "Na umwambie nimemwona."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Kule ukutani mkwe wake alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Kisha akaenda kutafuta basi la kurudi.