Tip Huja Baada ya Kula

Siku yangu ya kwanza katika hoteli moja ya nyama choma pale Kitengela, meneja, mama asiyependa mzaha hata kidogo, alinipa eproni na onyo. "Ukipewa tip mteja akishakula, hiyo ni asante. Ukipewa kabla, jua umenunuliwa." Niliitikia tu. Akili yangu ilikuwa kwa viatu, maana vilikuwa vinanibana.

Nyinyi vijana mnaotumiwa tip kwa simu hamkujua kibati. Mteja alichagua nyama mwenyewe kwa bucha, ikafungwa kamba yenye kibati cha namba, kisha ikapelekwa kwa mchomaji. Kazi ya weita ilikuwa kulinda namba hiyo mpaka mezani. Niliilinda vizuri, najisifu bila haya, isipokuwa Jumapili moja.

Dalali wa mashamba aliingia na wanunuzi wake. Kabla hajakaa, akanisukumia noti kwenye mfuko wa eproni. "Madam, hatuna time ya kungoja. Unajua la kufanya." Nililijua. Mguu wa mbuzi uliokuwa umeiva ulikuwa wa mzee mfugaji kutoka Ewuaso Kedong, aliyemleta binti yake kusherehekea kumaliza chuo. Nikabadilisha vibati.

Nilisahau kwamba mzee huyo ni mtu aliyechinja mbuzi maisha yake yote. Aliuona ule mguu ukipita, akanifuata polepole hadi kaunta. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai. "Iko," nikaitikia. "Msichana wangu, ule mguu ni wangu. Bado niko na macho."

Meneja alisikia. Hakunipigia kelele. "Rudisha hiyo noti, na useme mbele ya watu ilikuwa ya nini. Ukishindwa, vua eproni uende nyumbani." Huko nyumbani nilikuwa na mtoto na mama mgonjwa, na mshahara wao ulikuwa mimi. Nikaenda, nikasema. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Dalali akachukua noti yake, akaondoka na watu wake akinitukana, nao ule mguu, haujaguswa na kisu, ukarudi kwa mwenyewe.

Mzee na bintiye walikula taratibu. Walipomaliza akaniita, nikajua nitasemwa tena. Akanipa noti. "Hii si yako. Ni ya yule anayechoma. Mpelekee." Kisha akamgeukia binti yake, hata hakuangalia ninaelekea wapi.

Niliipeleka moja kwa moja. Mchomaji alijifuta jasho, akaitazama. "Yangu? Una uhakika?" Hakuna mteja aliyewahi kumkumbuka.

Baadaye nilihamia Kajiado mjini, nikawa supavaiza, nikafunza maweita wengi mpaka nikastaafu. Sikubadilisha kibati tena, na hilo natembea nalo kichwa juu.

Siku hizi nikila hotelini, nikimaliza namwita weita, nampa yake, halafu namwongezea nyingine. "Hii ni ya yule anayechoma," namwambia. "Mpelekee."

Kisha naangalia upande mwingine.