Choroa Akikupa Mgongo

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, enzi za ujana wangu, yaani mwaka jana. Usicheke. Nina miaka kumi na sita na ndevu mbili. Utu uzima ni nini kingine?

Kila Ijumaa asubuhi Anti Nekesa, nesi wa hospitali ya Al Wakrah hapa Qatar, alitubeba kwa gari lake hadi hifadhi ya jangwani kuwaangalia choroa, wale swala weupe wenye pembe kama mikuki. Wanaranda huru na kujilisha wenyewe. Sisi wa kujitolea tunawatazama kwa mbali tu: nani anachechemea, nani amekonda, birika lina maji au limekauka.

Sasa, jirani yetu pale mtaani Fereej Bin Mahmoud ni Nakato, binti wa Kiganda. Choroa wakiniona mimi, vumbi! Wakimwona Nakato, wanaendelea kutafuna. Anti akampa darubini aivae yeye. Manze, roho iliniwaka kama lami ya Agosti. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi yangu nilikuwa nayo, inaning'inia shingoni mwa Nakato.

Basi nikawa naiba tende za Mama, zile za wageni. Kila Ijumaa nabaki nyuma ya mgunga, namrushia tende dume mmoja kijana. Ijumaa ninayokwambia, dume akanifuata hadi garini, mbele ya watu wote. Nikatembea kama bwana harusi.

"Nakato, wa kwako wako wapi?"

Hakucheka. Macho yalimjaa machozi. "Umemfanya nini, wewe?"

Anti akaniona mikono inanata tende. "Khalas, basi! Mnyama mwenye pembe hizi akizoea kuomba watu, haachwi huru. Atafungiwa zizini maisha. Kwani ulidhani wanampenda Nakato? Wanampuuza, kijana! Hiyo ndiyo sifa yake."

Yaani nilimwonea mtu gere kwa kupuuzwa! Mimi ninayepuuzwa bure kila siku darasani.

Anti akawasihi wenye hifadhi wampe dume yule nafasi, asifungwe kwanza. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kukaa garini mikono mitupu. Dume akija, tunapandisha vioo, tunanyamaza. Akazunguka, akanung'unika, akaondoka. Akarudi tena wiki iliyofuata. Mpaka asubuhi moja akainua kichwa, akanitazama, akanigeuzia makalio, akaendelea kutafuna. Wallah, sijawahi kufurahia makalio namna ile. Hawakumfunga.

Mwanangu, kabla ya kumwonea mwenzio wivu, uliza kwanza alicho nacho ni kitu gani. Chanda chema huvikwa pete. Chako ukikilazimishia, kitavimba tu. Na mnyama wa porini ukimpenda, mwache asikuhitaji.

Mola akupe macho makali na mfuko usio na tende, na choroa mnene, mzima, akupe mgongo. Amina. Ila darubini usiiguse. Baada ya Nakato ni zamu yangu, na bado haachii.