Mpaka Wapi?

"Susu, kwani hukujua maana ya mpaka?"

Muthoki alimuuliza nyanyake swali hilo akiwa darasa la nne, wamekaa nyuma ya pikapu. Ndila alijifunga leso upya, akatazama kando. "Mimi ni Mkamba wa Tseikuru," akasema. "Kiswahili chenu hunipita."

Walikuwa ndio tu wametoka korongoni. Musembi, babake Muthoki, alikuwa fundi wa mawe kaskazini kabisa, Kenya inapopakana na Ethiopia, na likizo hiyo aliwaita wamtembelee. Jumapili akawapeleka kuona mto. Mto gani huo! Muthoki alichungulia, akajishika mdomo. Ardhi ilikuwa imepasuka ghafla, kuta za mwamba mwekundu zinashuka hadi kizunguzungu kikamshika, na huko chini hakuna tone la maji. Mchanga mtupu.

"Kumbe ni mto kama wetu," Ndila akasema, wakateremka kwa njia ya mbuzi.

Sasa, Mkamba akiona mchanga wa mto haulizi ni wa nani. Anachimba maji. Ndila akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Mkavu. "Jaribu kule kwenye nyasi mbichi," akamwambia mwanawe. Musembi akavuka ng'ambo, anapiga mluzi.

Loh! Mwanajeshi akachomoza nyuma ya jiwe, bunduki imemlenga Musembi kifuani, anafoka kwa lugha wasiyoijua. Musembi akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambulisho. Bunduki ikapanda hadi usoni.

Ndila akainuka, akaanza kumfuata mwanawe. Kutoka juu, upande wa Kenya, askari mmoja akapaza sauti: "Mama, simama! Mpaka! Mpaka!"

"Mpaka wapi, mwanangu?" Ndila akajibu, huyo anaenda.

"Hapo! Mpaka!"

"Si uniambie, mpaka wapi?"

Askari akaangua kicheko, korongo zima likamrudishia. Ndila akamfikia Musembi, mwanamume mzima wa ndevu, akamshika sikio, akalisokota na kumburuta akimgombeza kwa Kikamba. Yule mwanajeshi akamtazama mama, akalitazama sikio. Meno yakaonekana. Bunduki ikashuka.

Tseikuru nzima iliipata hadithi. "Ndila, leo sokoni unafika mpaka wapi?" Hata Musembi hakumhurumia: "Mama karibu aniue na Kiswahili chake!" Ndila alicheka nao, mwaka baada ya mwaka.

Hadi juzi, Muthoki akiwa kidato cha tatu. Walikuwa jikoni wakipukuchua kunde, na huko uani Musembi anawachekesha wageni kwa kisa kile kile.

"Uliwahi kuniuliza kitu," Ndila akasema.

Muthoki akaacha kunde.

"Mpaka niliujua kabla babako hajazaliwa. Lakini mtu akicheka, mjukuu wangu, kidole chake hulegea."