Mgomba wa Musimbi

Katika vijiji vilivyo kati ya mji wa Kakamega na msitu wa Buyangu, ukifiwa humwita fundi wa jeneza, ukakodi hema na spika, kisha ukamtafuta Navalayo akuandikie wasifu wa marehemu. Navalayo alisomea fasihi chuo kikuu akiota kutunga vitabu. Sasa wasomaji wake wote huwa wamekaa chini ya hema, wakimwomba Mungu wasifu ufike mwisho ili wali uletwe.

Kuusoma hausomi yeye. Akisimama mbele ya watu mate humkauka. Kwa hiyo huandika, akamkabidhi karatasi Phanuel, kiongozi wa kwaya, halafu hukimbilia jikoni kumenya viazi huku akisikia Phanuel akisifiwa kwa maneno mazuri.

Wala asikudanganye mtu kwamba ana kipaji. Ana wasifu mmoja tu kwenye kompyuta, na kazi yake ni kubadilisha majina. "Marehemu alikuwa mtu wa watu, hakujua kununa." Mwaka juzi alisahau kufuta aya moja ya msiba uliopita, na ajuza wa miaka tisini akazikwa akiwa golikipa aliyeokoa penalti mbili. Waombolezaji walicheka mpaka mchungaji akashikilia meza. Siku hiyo viazi vilimenywa vikaisha, Navalayo akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Mwezi wa nane baba yake mkubwa, Mzee Wanzala, alimwita pembeni.

"Jumamosi tunamzika Musimbi."

Navalayo alishtuka. "Amepatikana?"

"Hajapatikana. Tutazika mgomba."

Musimbi alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake Wanzala. Miaka minne iliyopita, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alitoka asubuhi kwenda sokoni kusukwa nywele kabla shule hazijafunguliwa. Msusi alisema hakumwona. Polisi waliandika, wakauliza kama alikuwa na mpenzi, wakaandika tena. Zaidi ya hapo hakuna mtu anayejua kitu. Na kwa desturi yao, mtu akipotea muda mrefu mwili wake usionekane, shina la mgomba huvishwa shuka likazikwa mahali pake, ili walio hai wapate kupumzika.

"Nimechoka kufunguliwa majokofu ya mochari niangalie watoto wa watu," mzee alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kuamuru. "Wewe andika. Usiandike mengi."

"Na mama yake, mama mdogo Phoebe, anasemaje?"

"Nitamwambia."

Mtu mwenye shahada angepata walau sentensi moja ya kukataa. Navalayo alisema, "Sawa, baba," akaenda kufungua kompyuta.

Kazi ikamkwama pale pale kwenye "hakujua kununa." Musimbi alikuwa akinuna kama mtu anayelipwa. Baada ya kufuta na kuandika mpaka chai ikapoa, Navalayo alikwenda kwa Phoebe, mama yake Musimbi, kumwuliza habari za mtoto. Alimkuta akikama ng'ombe.

Phoebe alifurahi. Siku hizi hakuna aliyemwuliza habari za Musimbi. Watu walikuwa wakigeuza mazungumzo akiingia.

"Andika ananunanga," alisema. "Ukigusa nguo zake, siku mbili haongei na wewe. Andika ana kovu chini ya kidevu. Alianguka kwa mawe ya jiko akiwa mdogo. Lakini usiandike vile alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu, ataona haya akirudi." Akacheka. "Ni ya kutangaza redioni, eh?"

Navalayo aliitazama kalamu yake. Angeweza kusema ndiyo, akaenda zake, na Jumamosi akajifungia jikoni na viazi. Alikuwa na uzoefu.

"Hapana, mama mdogo. Ni ya Jumamosi. Wanataka kumzikia mgomba."

Phoebe aliendelea kukama hadi ndoo ikajaa. "Haya," alisema mwishowe. "Nishikie kamba ya ndama." Navalayo akarudi nyumbani akijitukana njia nzima.

Jumamosi hema lilisimama na shimo likachimbwa nyuma ya nyumba. Shina la mgomba lililala juu ya mkeka, limeviringishwa shuka jeupe. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo Phoebe alipotoka na panga, akiwa na nguo zake za zizini. Alivua lile shuka, akalikunja vizuri, akaanza kulikatakata shina vipande vipande.

"Phoebe! Unafanya nini?" Wanzala alisema.

"Shemeji, ng'ombe wangu hajala tangu asubuhi. Na huu mgomba ni wa shamba langu, hata kuomba hamkuomba."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wanzala akaja mbio, na kila mtu akadhani atalinyakua panga. Alipofika aliketi chini, pale pale kwenye udongo wa kaburi, na suti yake.

"Mimi nimechoka, Phoebe."

"Najua. Umemtafuta sana. Wewe pumzika, shemeji. Mimi bado." Kisha akawageukia watu. "Na vile mmekuja wote, na spika iko, Navalayo asome ile karatasi."

Phanuel akaitoa mfukoni, akisafisha koo.

"Wewe kaa," Phoebe alimwambia. "Sauti yako itamfanya kama amekufa."

Navalayo alitolewa jikoni akiwa na maganda kwenye aproni, akakabidhiwa karatasi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayemkaba kuku.

"Musimbi…"

"Sauti!" mtu akaita.

"Dada, hata sisi wa nyuma tumekuja!"

"Musimbi," alipaza sauti, ikatoka kama mlio wa bawaba, "ananuna sana." Watu wakacheka, na kicheko kikampa pumzi. Akaendelea: ni mweusi, si mrefu, alivaa sketi ya shule na fulana ya kijani, anatembea kama aliyechelewa, ana kovu chini ya kidevu.

Bibi mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Hilo kovu liko upande gani? Mjukuu wangu hupelekanga maziwa mpaka Butere, nimwambie."

"Kushoto, bibi," Navalayo alisema. "Upande wa kushoto."