Askari wa Maboti Asiyesomewa Hitima

Mama yangu ana miaka themanini na hajawahi kumsomea baba yake hitima. Si kwa kukosa imani wala kwa kukosa watu. Hapa Ipuli, Tabora, ukitangaza hitima, ua unajaa mpaka watu wanakaa barabarani. Ni kwa sababu bibi, mama yake, alikataza. "Hitima husomewa maiti," alikuwa akisema. "Nani ameniletea habari ya maiti?" Hakukaa eda ya mjane. Fundi cherehani mmoja wa mjini, mtu mpole na mwenye dini, alimposa mara tatu, na mara zote tatu akajibiwa kwamba yeye ni mke wa mtu. Bibi alikufa nikiwa kidato cha pili, bado mke wa mtu.

Babu alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vya pili. Alirudi likizo mara moja tu, akamwacha bibi na mimba changa, hakuonekana tena. Wenzake waliorejea walijua jambo moja: alipelekwa Burma, akawekwa kwenye maboti ya jeshi, yale ya kubeba chakula na majeruhi mtoni. Mtaani watu walicheka. Mnyamwezi wa bara, aliyekulia kwenye mashamba ya Lusu, na boti wapi na wapi? Hata mimi utotoni nilicheka, na leo kicheko kile kinaniuma.

Mwaka jana moyo wa mama ulianza kusumbua, akaniita. "Mwanangu, wewe ni mwalimu, unajua kuulizia. Nataka kujua kama nimwombee kurudi au nimwombee rehema. Nisife sijajua." Nikamwahidi pale pale. Mimi hasira zangu na ahadi zangu zote ziko karibu.

Nikawa nashinda kwenye duka la steshenari, nikiziandikia ofisi za nje zinazotunza orodha za askari wa vita vile. Majibu yalikuja kwa adabu kubwa: mtu huyo hatunaye. Jibu la tatu lilipofika nilimfokea mwenye duka kana kwamba yeye ndiye aliyempoteza babu yangu. Nilimwambia Mzungu hakuona haja ya kumwandika mtu mweusi. Nilikuwa na hakika kabisa, na hakika ile ilinipendeza.

Nikaenda Lusu kwa mama mkubwa, binti wa kaka yake babu, ili angalau nirudi na neno la kumpa mama. Nilimkuta barazani anabangua karanga kwa kupapasa, maana macho yamekwisha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza majibu niliyoyapata kuhusu babu. "Huko kwa Wazungu umemuulizia kwa jina gani?"

Nikamtajia.

"Hilo la nyumbani," akasema. "La nyumbani halisafiri. Wazee wetu walikuwa wapagazi, wakienda pwani na meno ya tembo. Ukitoka unajipa jina la njiani. Kifo kikikuita huko kinaita hilo, la nyumbani linabaki salama na mkeo na wanao. Na ukiulizwa njiani una nani, husemi una mke. Unasema huna mtu."

Kisha akanitajia jina ambalo baba yake alikuwa akimtania nalo mdogo wake. Sikuwahi kulisikia. Kila mwaka nawachorea wanafunzi njia ya misafara ubaoni, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani, na nawachapa wanaoikosea. Niliona aibu.

Kwa jina lile jibu halikuchukua mwezi. Baharia wa boti la jeshi. Alizama mtoni na boti lake, mwili haukupatikana. Tarehe ilikuwepo. Kwenye nafasi ya ndugu wa kuarifiwa palikuwa na neno moja: hana. Ndiyo maana barua haikuja. Alitukinga na kifo chake kwa namna alivyofundishwa, na akatukinga pia na habari zake.

Nilimsomea mama jibu hilo baada ya sala ya alasiri, tumekaa jamvini. Nilimtafsiria polepole. Akaniambia nirudie mwezi na mwaka. Nikarudia. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akahesabu tena.

"Nilikuwa bado tumboni," akasema.

Machozi yakamtoka. Nilidhani anamlilia baba ambaye hakujua hata kama amepata binti. Nikamwambia sasa walau tunajua, kuanzia leo tutamwombea rehema. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, na Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja kushukuriwa.

Mama akatikisa kichwa. "Simlilii yeye. Yeye ameshapumzika siku nyingi. Mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, akijifungua imekwisha." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Mama yangu aliimaliza eda yake siku aliyonizaa mimi. Angeweza kuolewa. Miaka arobaini, mwanangu, alikuwa huru, na hakuna aliyemwambia."