Fundi Aliyekata Bampa

Shimo la gereji lile lilikuwa na mfuniko wa chuma wa vipande viwili, mfuniko ulikuwa na kufuli, na funguo za kufuli zilining'inia kwenye mkanda wa mtu mmoja. Zilimtangulia kwa kelele. Kabla hujamwona umeshazisikia, na ukishazisikia ujue umeshachelewa kuyakwepa maongezi yake.

Alijiita Injinia. Mwanzoni alijiita peke yake. Baadaye, alipokataa kuitika jina jingine lolote, hata akiitwa kula, watu wakachoka wakampa alichotaka. Kwenye mfuko wa ovaroli alichomeka kalamu tatu, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Juu ya kabati la spana alitundika cheti chenye fremu ya kioo. Kilitoka kwenye semina ya siku mbili ya wauza mafuta ya breki. Siku ya kwanza alichelewa, na ya pili ilikuwa ya kupiga picha.

Kazi ya shimoni, yaani kufunga ekzosi, bomba la moshi, chini ya gari, hakuipata kwa cheti wala kwa kalamu. Aliipata siku dada yake alipoolewa na mwenye gereji. Shemeji alikuwa mtu mpole, akampa shimo ili amwondoe sebuleni. Shemeji akafa, gereji ikabaki kwa dada, na Injinia akabaki shimoni kama kitu kilichonunuliwa pamoja na nyumba. Miaka ishirini na saba.

Katika ufundi alikuwa na imani moja tu: bolti iliyolegea ni aibu. Akiishika bolti hakuiacha mpaka ilie. Alichomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke, akakunja uso, akaguna, mishipa ikamtoka shingoni, mtu wa nje akadhani kuna anayejifungua humo ndani. "Mimi nikifunga nimefunga," alisema akijifuta jasho, na nusu ya jasho hilo lilikuwa la maonyesho.

Sasa ekzosi haifungwi hivyo. Ni bomba refu la vipande vitatu, linaanzia kwenye injini, linapita chini ya tumbo la gari hadi mkiani, nalo limening'inia kwenye raba. Likipinda mbele kwa upana wa kidole, likifika nyuma limepinda kwa upana wa kiganja. Anayeijua kazi hutundika vipande vyote kwanza, bolti zote akizishika kwa vidole tu, halafu analisogeza bomba taratibu mpaka likae katikati ya nafasi yake. Ndipo anakaza, kuanzia mbele kurudi nyuma. Injinia alikuwa ameambiwa hivyo mpaka waliomwambia wakazeeka. Yeye alifunga kipande cha kwanza akakikaza kufa na kupona, akaja cha pili hivyo hivyo, na akifika cha tatu alianza kukitukana kiwanda.

Mwezi ule magari mawili yalikuwa yamesharudi yakigonga chini kama mtu anayebisha hodi. Jumatatu asubuhi dada yake akamwita ofisini, kile chumba cha vioo chenye kalenda ya matairi, akafunga mlango.

"Kaa."

"Nimesimama tu, dada. Nina kazi."

"Huna kazi, una magari yanayorudi. Kaa."

Akakaa.

"Likirudi la tatu," dada akasema, "utanipa hizo funguo. Nitampa mwanangu."

Mwana mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mchomeleaji wa gereji. Kazi yake aliifanyia uani, juani, chini ya mabati mawili yaliyomfunika nusu. Injinia alikuwa mjomba wake, na kila asubuhi alimkumbusha hivyo, asije akasahau nani wa kumsalimu kwanza.

"Yule? Mtoto wa kike aingie shimoni?"

"Mimi ni mtoto wa kike na gereji ni yangu."

Injinia akatoka ofisini amezishika funguo kiganjani zisilie. Mle shimoni ndimo alimokuwa mtu. Magari yalimjia yenyewe juu ya kichwa chake, na wenye magari walilazimika kuinama ili waongee naye, hata wale wenye tai. Bila shimo angekuwa mdogo wake mwenye gereji, basi, mwenye kalamu tatu.

Jumatano akaja muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Ekzosi ya gari lake dogo ilikuwa imeoza, gari likiunguruma kama trekta. Ile ya kiwanda chenyewe haikupatikana tena, kwa hiyo akaagiza ya kampuni nyingine, ikaja kwenye boksi refu pamoja na karatasi ya maelekezo yenye picha.

"Fundi," akasema.

"Injinia."

"Haya, Injinia. Hii karatasi inasema bolti zisikazwe mpaka vipande vyote viwe vimening'inizwa. Nimeisoma mara mbili."

"Mama, karatasi zinaandikwa na watu wa maofisini. Mimi karatasi yangu iko hapa." Akajigonga kichwani kwa spana, polepole.

Muuguzi akakitazama kile kichwa kwa muda, kama anayetafuta jeraha. "Mimi nimefunga mifupa miaka thelathini na mbili," akasema. "Hatukazi bandeji kabla mfupa haujakaa sawa."

"Mfupa na chuma ni vitu viwili."

"Kweli. Mfupa ukiufunga vibaya, mwenyewe analia papo hapo."

Akaenda kukaa kwenye benchi na chupa yake ya chai. Injinia akashuka shimoni, akaikunjua ile karatasi ya maelekezo, akaitandika chini, akapiga magoti juu yake. Ovaroli lilikuwa jipya.

Ekzosi ya zamani aliitoa kwa nyundo, na hapo apewe haki yake, kubomoa alijua. Kisha akachukua kipande cha kwanza cha ile mpya, akaweka gasketi ya kuzuia moshi usivuje, akapachika bolti, akachomeka bomba lake la maji kwenye spana. Akaguna. Bolti ikalia. Cha pili kikafuata, kikakazwa, kikalia. Alipoinua cha tatu, chenye sailensa ya kuzima kelele na mkia, ndoano yake ya chuma ikasimama mbali na raba, pengo la kiganja kizima. Akaisukuma kwa bega. Akaisukuma kwa jeki. Ndoano ikaingia kwenye raba, lakini raba ikavutika ikawa nyembamba kama mpira wa manati, na mkia wa bomba, badala ya kutokea pale bampa lilipoachiwa nafasi, ukaenda kuliegemea bampa lenyewe.

"Kiwanda cha wahuni," Injinia akasema. "Wamelipinda hukohuko."

Juu, ukingoni mwa shimo, zikatokea buti mbili zenye alama za cheche.

"Mjomba."

"Nina kazi."

"Naona. Legeza ya mbele kidogo, litakaa lenyewe."

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Nimesikia unakitukana kiwanda, nikajua umefika kipande cha tatu."

Injinia akasogea mbele, akaishika bolti ya kwanza. Na hapa isije ikasemwa kwamba hakujua. Alijua. Kidole chake kilipita kwenye maungio kikaona wazi kwamba upande mmoja umekaa juu na mwingine chini. Hata mtu aliyefumba macho angeona. Kuilegeza ilikuwa kazi ya dakika moja. Spana ilikuwa mkononi, mkono ulikuwa kwenye bolti, na akili, japo kwa shida, ilikuwa mahali pake. Akainua macho akaziona zile buti, zimetulia tu, hazina haraka.

Akaikaza robo zaidi.

"Niletee grainda," akasema.

"Ya nini?"

"Bampa limekaa vibaya."

Mpwa wake akainama ukingoni. "Bampa limetoka na gari, mjomba. Kilichokuja leo ni bomba."

"Utaileta au niifuate?"

Aliifuata mwenyewe, ile mashine ya kukatia. Ikapiga kelele, vumbi jeupe likaruka, gereji nzima ikanuka plastiki iliyoungua, na katika bampa la muuguzi likatokea tundu la mviringo, lingetosha sahani. Mkia wa bomba sasa ulipita katikati ya tundu hilo bila kugusa kitu. Injinia akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, kama mtu anayetazama picha yake ya harusi.

Muuguzi alikuwa ameshasimama, kikombe mkononi.

"Umelikata gari langu."

"Nimelipa nafasi ya kupumua, mama. Magari ya siku hizi yamebanwa sana."

"Ulipomaliza kubana ndipo ukaona limebanwa?"

"Jaribu barabarani. Ukisikia hata sauti ya nzi, niite mimi mbwa."

Muuguzi akaliondoa gari bila kuaga. Injinia akaosha mikono kwa madaha, akazipanga kalamu zake, akapita mbele ya vioo vya ofisi mara mbili ili dada aone kuwa hana wasiwasi.

Haikupita nusu saa. Kwanza ilisikika kutoka kwenye kona, ngo, ngo, ngo, kisha likaonekana gari lenyewe likija taratibu, muuguzi ameshika usukani kwa mikono miwili na uso umetulia kabisa. Bomba likipata moto hurefuka, chuma chochote kiko hivyo, na lile lilikuwa limekazwa bila hata nafasi ya kupumulia. Raba iliyovutwa ikakatika kwenye tuta la pili. Sasa sailensa ilikuwa inagonga sakafu ya gari kila gurudumu lilipokutana na jiwe.

Muuguzi akazima gari, akashusha kioo. "Nzi hakuna," akasema.

Dada alikuwa ameshatoka ofisini. Alinyoosha mkono, kiganja wazi.

"Ngoja kwanza, dada," Injinia akasema. "Tuelewane. Wewe ulisema likirudi. Hili halijarudi."

"Liko wapi?"

"Liko hapa, lakini kurudi ni mpaka lifike kwake. Mama, ulifika nyumbani?"

"Sikufika."

"Unaona? Hajafika. Hili lilikuwa bado kwenye majaribio. Gari ambalo halijafika haliwezi kurudi."

Kuna kijana wa matairi aliyelazimika kuingia nyuma ya pipa kucheka. Dada hakucheka, wala kiganja hakikushuka.

Injinia akashika mkanda. Hapo ndipo aibu ilipopata aibu. Ile pete ya funguo alikuwa ameibana kwenye mkanda kwa koleo, miaka mingi iliyopita, asije mtu akaichomoa kwa hila. Akaivuta, haikutoka. Akaivuta kwa kucha, akajipinda kiunoni, akageuka kama mbwa anayefukuza mkia wake, watu wote wakisubiri. Mwishowe mpwa wake akachukua koleo mezani, akapiga goti mbele yake, akaibana pete, ikafunguka.

"Samahani, mjomba," akasema. Na alimaanisha, jambo lililomuuma Injinia kuliko yote.

Walingoja bomba lipoe. Kisha binti akashuka shimoni, akabadilisha raba, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kulegeza bolti zote, moja baada ya nyingine, mpaka ekzosi nzima ikawa inacheza kama mlango wenye bawaba mbovu. Ikashuka yenyewe. Akainyoosha ile ndoano iliyopindishwa na jeki. Akapitisha vidole viwili kati ya bomba na sakafu ya gari, huku na huku, akasogeza kidogo, akapitisha tena. Akakaza mbele, akakaza kati, akakaza nyuma, bila kuguna. Akawasha injini, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa chenye maji, akasikiliza kwenye maungio kama kuna mahali hewa inatoroka. Hakukuwa na mahali.

Mkia wa bomba sasa ulitokea pale bampa lilipokuwa limeachiwa nafasi tangu kiwandani. Lile tundu la sahani likabaki pembeni, tupu, halipitishi kitu.

Muuguzi akainama akachungulia. "Na hili ni la nini?"

Watu wote wakamgeukia Injinia. Yeye akazipanga kalamu zake mfukoni.

"Atalifunga yeye," dada akasema. "Hapohapo uani. Na bampa halitatoka mpaka lifanane na jipya."

Siku ya pili yake bampa lilikuwa limelazwa juu ya pipa, chini ya yale mabati mawili yanayofunika nusu ya mtu, na Injinia alikuwa akilipiga msasa. Jua lilimkaa upande wa kushoto. Kazi ya kiraka cha plastiki haina bolti hata moja ya kukaza, na mikono yake haikujua iende wapi. Kila alipolainisha kidogo alibonyeza kwa nguvu, kiraka kikabonyea, akaanza upya. Hii ilikuwa mara ya nne.

Dereva mmoja akasimamisha gari langoni, akatoa kichwa. "Mzee, hapa nani anafunga ekzosi?"

Injinia akanyanyuka, akaziweka kalamu sawa. "Umefika. Kazi ya shimo nimewaachia vijana, mimi nasimamia. Nenda pale, mwambie nimekutuma mimi."

"Wewe nani?"

"Mwambie tu Injinia."

Dereva akaliingiza gari mpaka ukingoni mwa shimo, akashuka, akainama. "Fundi, kuna mzee pale wa mabampa, anasema niseme kanituma."

"Yule ni mjomba," sauti ikajibu kutoka chini. "Sogeza mbele kidogo. Hapo. Zima gari."