Bia ya Moto ya Kupanda Nayo Mlimani

Tarehe kumi na mbili Machi, mwaka juzi, radi ilimuua kaka yangu juu ya mlima ulio nyuma ya mji wetu, Susuni. Alikuwa amepanda kuwateremsha ng'ombe kabla ya mvua. Tulimkuta ameketi, mgongo kwenye jiwe, fimbo mapajani, kama mtu anayepumzika. Tulimbeba kwa machela ya matawi, tukamzika kando ya boma.

Mama hakulia sana msibani. Lakini watu walipoondoka aliacha kula. Alikuwa anapakua ugali, anauangalia, anausogeza pembeni. Nilipombana akaniambia, "Mmeniletea mwili. Mwenyewe bado yuko kule juu. Namsikia jioni anapiga mluzi, anauliza njia."

Mimi sikusikia mluzi. Nilichokiona ni ng'ombe. Mama alipokuwa anasema hayo, walikuwa wamesimama bomani, wote wamegeuza vichwa upande wa mlima.

Kwa ukoo wetu, mtu aliyefia nje ya mji hufuatwa kwa pombe. Anakwenda aliyezaliwa naye tumbo moja. Anaonja kwanza ili marehemu ajue haina sumu, anamwaga nusu pale alipofia, anamwita. Nusu inayobaki inarudi nyumbani na mama yake anainywa. Asipoinywa, marehemu habaki, anarudi kule kule. Hapo ndipo tulipokwama. Mama ni mtu wa Sabato. Tangu abatizwe, kabla sijazaliwa, hajagusa kileo.

Tumbo la mama lilituzaa wawili tu, kwa hiyo pombe ilikuwa juu yangu. Mimi sikuwahi kununua bia maishani mwangu.

Shangazi, aliyeolewa Nyambureti, alikuja na pombe ya wimbi kwenye kidumu. "Hii ndiyo wazee waliolala huko chini wanaijua," alisema. Baba mdogo, ambaye ndiye angepanda pamoja nami, akatikisa kichwa. Pombe ya wimbi huendelea kuchemka njiani. Ukikaza kifuniko, dumu linapasuka. Ukikilegeza, inakumwagikia.

"Tutafika juu na dumu tupu, na huyu binti ananuka kilabu," alisema.

"Dumu likifika tupu, shemeji yako hatauliza kama ni kifuniko," shangazi akamjibu. "Ataangalia macho yako kama ni mekundu."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama alikuwa ndani, anatusikia.

Shangazi akarudi kwake na kidumu chake, nami nikaenda mjini, Bomani, kwenye grosari moja karibu na stendi. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye maneno mengi.

"Karibu, dada. Ya baridi?"

"Nataka ya kupanda nayo mlima."

"Ha! Siku hizi harusi ziko milimani?"

"Nampelekea kaka yangu."

"Basi chukua ya kopo. Nyepesi, haivunjiki."

Kopo ukishalifungua halifungiki tena, na mimi nilitakiwa kurudi na nusu. Nikamwambia nataka chupa. Akaniletea kinywaji cha kimea kisicho na kileo. Nilikishika muda mrefu. Hicho mama angekinywa bila dhambi. Ila kaka alikuwa anakiita bia ya wanakwaya, na nilijua nikimpelekea hicho hatainuka. Kama hainuki, mama angekinywa bure. Nikakirudisha kaunta.

"Kwani huyo kaka anakunywa nini?" muuzaji akauliza.

Nikamtajia. Chupa ya kahawia, ya moto. Kaka alikuwa anaagiza bia ya moto hata mchana wa jua kali, na wenzake walikuwa wanamcheka. Alisema baridi inaficha ladha.

"Ya moto, na mlima, na jua hili? Huyo ana roho ngumu." Akainama, akatoa chupa kwenye kreti chini ya kaunta, akaifuta vumbi kwa khanga. "Mwambie akimaliza arudishe chupa."

Nikasema nitamwambia.

Jioni ile niliiweka mezani mbele ya mama. Sikutaka kumdanganya. "Ni bia kweli, mama. Ina kileo." Aliitazama, akachukua panga, akaenda kutafuta kuni. Asubuhi tuliondoka bila kujua kama angeinywa.

Kulikuwa na ukungu mpaka katikati ya mlima, kisha jua likatoka kali. Niliifunga chupa mgongoni kwa khanga kama mtoto. Mbuzi waliokuwa wanatufuata wakila waliishia mahali pamoja, kama vile pana uzio, wakabaki wanatutazama. Kutoka pale sikusikia ndege.

Jiwe bado lilikuwa jeusi upande mmoja. Nilifungua khanga, nikaishika chupa, na ilikuwa baridi. Ilikuwa imepigwa na jua mgongoni mwangu na ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji, imelowa majimaji. Sina maelezo. Nilimpa baba mdogo aishike, naye akanirudishia haraka.

Niliishika mimi, yeye akaing'oa kizibo kwa meno. Nikaonja. Ilikuwa chungu. Nikamwaga nusu chini ya jiwe, ikanywewa mara moja, povu na yote, nikamwita kaka jina lake. Sauti yangu haikurudi, na pale mwangwi huwa upo.

"Mura," baba mdogo akasema, yaani kijana, kwa sauti ya kawaida, kama anamsemesha mtu aliye karibu, "twende nyumbani. Mama yako hali chakula."

Nikaziba chupa kwa gunzi la mahindi, tukashuka. Mahali ambapo njia ni nyembamba baba mdogo alisimama, akajibana kwenye majani, akangoja.

"Unampisha nani?" nikauliza.

"Nilidhani anataka kupita," alisema, akaendelea kutembea.

Mama alikuwa amekaa nje. Alikuwa ameshatoa viti, na kikombe kilikuwa mkononi mwake. Baba mdogo alijitupa kwenye kiti cha kwanza, amechoka. Nilimmiminia mama. Chupa sasa ilikuwa na uvuguvugu, kama nilivyoinunua. Alifumba macho, midomo ikawa inasali bila sauti, kisha akainywa yote kwa mkupuo, uso umekunjamana, akajifuta kwa kiganja.

Halafu akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, sogea. Umemkalia."

Baba mdogo aliinuka polepole, akaenda kukaa chini, mlangoni. Mama akaniambia nisonge ugali wa watu wanne. Nikasonga. Alikula mpaka sufuria ikabaki ukoko.